NASA "wanarekebisha" joto la zamani: ni wizi au ni kazi? Na sanduku la vipimo la shule hapa Tabora

Mdau_Isevya

Wakuu, mwangaluka.

Klabu ya jiografia ya sekondari moja hapa Tabora ina sanduku la vipimajoto na daftari la miaka minne. Kwenye grupu la WhatsApp la walimu na wazazi imerushwa picha ya grafu mbili za joto za NASA, shirika la anga la Marekani, ya zamani na ya sasa, ikidai joto la miaka ya 1930 limeshushwa kusudi ili la leo lionekane kubwa. Mzazi mmoja akapigilia msumari: hata daftari la shule halionyeshi joto kupanda, miaka minne wastani ni uleule. Mwingine akajibu kwamba grafu za nini, dagaa kuadimika Kigoma ni ushahidi tosha.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Hizo namba za zamani zinaguswa kwa nini, na nani anakagua? Daftari letu lina uzito wowote? Na habari ya dagaa ikoje?

Hali ya sanduku niiseme wazi: lipo mita 6 kutoka ukuta wa darasa, mlango unatazama mashariki, linasomwa saa tisa alasiri wanafunzi wakitoka darasani, rangi imefifia, mguu mmoja umeliwa na mchwa na sanduku limeinama. Ndani kuna kipimajoto cha joto la juu cha zebaki na cha joto la chini cha spiriti.

---

Fundi_Luva

Mwangaluka mkuu. Nianze na sanduku, maana kila kasoro uliyotaja inapotosha namba kwa upande unaojulikana. Ukizielewa hizo, la NASA litakuwa jepesi.

Ukuta. Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) linapanga vituo vya joto katika madaraja matano. Daraja la kwanza, majengo, lami na zege viwe zaidi ya mita 100 kutoka kwenye kifaa. La pili mita 30. La tatu mita 10. Ninyi wa mita 6 mko chini ya hapo. Ukuta unakunywa jua mchana na kulitema usiku, kwa hiyo kinachoharibika zaidi ni joto la chini la alfajiri: linasomeka juu kuliko lilivyo. Hamisheni, angalau mita 30. Mti au jengo lolote liwe mbali mara mbili ya kimo chake au zaidi, hivyo mwembe wa mita 12 usiwe karibu kuliko mita 24.

Ardhi chini ya sanduku iwe na nyasi fupi. Hapa shule nyingi zinakosea kwa sababu ya usafi: wanafunzi wanafagia kila asubuhi mpaka udongo unabaki mtupu. Udongo mtupu mwezi wa Oktoba unachemka kuliko nyasi, na hewa ya juu yake inachemka nao. Kata nyasi, usizing'oe. Na mtu asichome takataka karibu.

Mlango. Vitabu vingi vimeandikwa Ulaya, vinasema mlango utazame kaskazini. Kwetu ni kinyume, tena kwa nusu tu. Tabora na Kigoma ziko kwenye nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linatupita utosini mara mbili: siku za mwanzo wa Oktoba na siku za mwanzo wa Machi. Kuanzia Machi hadi Oktoba jua la mchana liko kaskazini yetu. Miezi mitano iliyobaki liko kusini. Weka mlango kusini. Wanaoweza wanatengeneza milango miwili, kaskazini na kusini, na kufungua ule ulio kivulini. Mashariki ndiko kubaya kuliko kote kwa anayesoma asubuhi: ukifungua tu, jua linapiga kwenye balbu.

Sanduku lenyewe: kuta za luva mbili mbili, zilizolazwa ili mvua na jua visiingie ila hewa ipite, paa la tabaka mbili lenye nafasi katikati. Balbu ziwe kati ya mita 1.25 na 2 kutoka kwenye nyasi. Rangi ni ya mafuta, nyeupe, inayong'aa, ndani na nje. Msiichukulie rangi kama urembo. Ikifubaa kwa vumbi la kiangazi inanyonya jua, na namba zinapanda polepole mwaka hadi mwaka kama vile hali ya hewa ndiyo inayopanda. Ukipaka upya zinashuka ghafla. Kwa hiyo osha kila mwezi, paka upya kabla haijachakaa, na andika tarehe. Luva zikaguliwe manyigu; kiota kimoja kinaziba hewa upande mzima.

Miguu ya mbao hapa mchwa hawaiachi. Tumia bomba za chuma, au mbao iliyopakwa oili chafu sehemu yote inayoingia ardhini na kidogo juu yake. Kisha pimamaji juu ya sanduku. Kuinama kunaharibu kweli: kipimajoto cha joto la chini lazima kilale sawasawa, la sivyo kile kijiti kidogo ndani ya spiriti kinateleza chenyewe. Cha zebaki kinalazwa karibu sawasawa, balbu ikiwa chini kidogo.

Kusoma: jicho lilingane na ncha ya zebaki, kwa sababu ukisoma kutoka juu au chini unapata hata nusu nyuzi ya uongo. Kwenye kijiti cha spiriti soma ncha iliyo mbali na balbu. Anza na desimali halafu nyuzi kamili, mkono usiguse, mlango usikae wazi zaidi ya dakika. Ukimaliza, kung'uta cha zebaki mpaka kilingane na joto la wakati huo, na rudisha kijiti mpaka kiguse ncha ya spiriti.

Anayedharau jambo la ncha ipi isomwe akumbuke Al Azizia, Libya. Nyuzi 58 za tarehe 13 Septemba 1922 zilikaa karibu miaka 90 kama rekodi ya dunia. Mwaka 2012 WMO ikazifuta. Uchunguzi ulionyesha kwamba msomaji mgeni wa kazi inaelekea alisoma mwisho usio wenyewe wa kijiti, kosa la kama nyuzi 7. Rekodi ikarudi Death Valley, Marekani: nyuzi 56.7, Julai 10, 1913.

Spiriti ina ugonjwa wake. Inapanda kwa mvuke na kujikusanya juu ya bomba, au safu inakatika ikaacha pengo, na kipimajoto kinasoma chini ya ukweli, mara nyingine nyuzi nzima na zaidi. Angalia kila wiki. Dawa: kishike wima balbu ikiwa chini, kigonge taratibu kwenye kiganja, kisha kiache wima usiku kucha.

Kukagua ni rahisi. Ponda barafu ya maji safi, ijaze kwenye themosi, ongeza maji kidogo mpaka iwe uji mzito, tumbukiza, koroga, subiri dakika 10. Lazima kisome 0.0. Kikisoma 0.4, usikitupe, andika "+0.4, tarehe fulani", na rudia kila baada ya miezi sita.

Saa ya kusoma namwachia Namba_Tupu, maana ndiyo kiini cha ugomvi wa hizo grafu.

---

Namba_Tupu

Asante Fundi. Mdau, kwanza angalia kichwa cha zile grafu mbili. Zinazozunguka mitandaoni mara nyingi ni za Marekani peke yake, siyo za dunia, na Marekani ni kama asilimia 2 ya uso wa dunia. Ni kweli namba za Marekani za miaka ya 1930 zimeshushwa. Sababu kubwa ni hiyo hiyo saa tisa yenu.

Fuatilia. Jumatatu saa tisa alasiri mnasoma 34.0 na kukung'uta. Sanduku bado lina joto, kwa hiyo dakika tano baadaye zebaki imesharudi 33.8 na kubaki hapo. Jumanne kunakuwa na mawingu, joto halisi halizidi 28. Mnafungua saa tisa: 33.8. Joto la Jumatatu limeandikwa mara mbili, na la Jumanne halikuandikwa kabisa. Kwa mwezi mzima wastani unavimba. Ukisoma saa tatu asubuhi hilo ni nadra sana, kwa sababu saa hiyo haiko karibu na kilele.

Marekani wasomaji wa kujitolea wengi walikuwa wakisoma jioni. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 wakahamia asubuhi, kidogo kidogo, kituo hiki mwaka huu, kile mwaka ule. Rekodi ghafi ikapata ubaridi wa uongo. Ukitaka kulinganisha 1936 na 2016 kwa haki, lazima uondoe joto lililohesabiwa mara mbili mwaka 1936. Hilo ndilo "kushusha".

Sasa la dunia nzima, ambalo picha hizo hazilisemi: marekebisho yote yakijumlishwa yanapunguza ongezeko la joto tangu mwisho wa karne ya 19, hayalizidishi. Chukua namba ghafi bila kugusa kitu, utapata dunia iliyopata joto zaidi ya inavyoonyeshwa na NASA. Anayedai wanachakachua ili kutia chumvi aanze kueleza hapo.

Linatokana na bahari, ambayo ni asilimia 71 ya uso wa dunia. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, mabaharia walipima kwa kuteka maji kwa ndoo, nyingi za turubai, na kuzipandisha sitahani. Turubai lililolowa kwenye upepo linapoza maji kabla kipimajoto hakijaingizwa, kwa hiyo namba za zamani ni za chini kupita ukweli. Baadaye wakapima maji yanayoingia kupoza injini, na chumba cha injini kinayapasha. Ndoo ikisoma chini na injini ikisoma juu, unapata ongezeko ambalo bahari haikulifanya. Wanasayansi wakazipandisha namba za ndoo. Miaka ya karibuni maboya yamechukua nafasi ya meli, na maboya yanasoma chini ya meli kwa kama nyuzi 0.12, kwa hiyo nayo ikasahihishwa. Hiyo ya maboya ilizua vurugu hadi kwenye Bunge la Marekani baada ya makala ya 2015 ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa. Mwaka 2017 watafiti wengine, Hausfather na wenzake, wakaupima upya mwelekeo huo kwa maboya peke yake, kwa setilaiti peke yake, na kwa vifaa vya Argo vinavyozama na kuibuka peke yake. Zote tatu zilikubaliana na NOAA.

Vituo vya nchi kavu vilivyohama vinagunduliwa hivi. Chukua wastani wa mwaka wa Tabora, toa wa jirani. Namba za mfano tu, siyo halisi: −0.3, −0.2, −0.4, −0.3, halafu +0.5, +0.6, +0.5. Mwaka wa joto unawapata Tabora, Shinyanga, Mpanda na Singida wote, kwa hiyo ukitoa, unafutika. Kinachobaki ni kile kilichompata mmoja tu. Hapo kuna ngazi ya kama 0.8. Rudia na majirani wengine. Kama kila mara anayeruka ni Tabora, sanduku ndilo lililoguswa, siyo anga. Kigoma mtumie kwa tahadhari kwa sababu ziwa linampoza na kumpasha kwa ratiba yake.

Na ndiyo maana wanasayansi hawalinganishi joto lenyewe bali tofauti dhidi ya wastani wa mahali hapohapo. Kati ya Kigoma na Tabora kuna kama mita 400 za mwinuko, na kila kilomita ya kupanda hewa inapoa kwa wastani wa nyuzi 6.5, hapo tu ni nyuzi 2 na nusu. Ukichanganya namba ghafi za miji miwili, kituo kimoja kikifungwa kwa mwaka, wastani wa mkoa unaruka bila sababu. Mizani ya kliniki inayozidisha gramu 50 bado itakuonyesha kama mtoto anaongezeka, mradi isibadilishwe katikati.

Daftari la miaka minne: halithibitishi joto kupanda wala kutopanda. Tangu miaka ya 1970 dunia inapanda kwa kama nyuzi 0.2 kila miaka 10, yaani chini ya 0.1 kwa miaka yenu minne. Ukuta, rangi na saa tisa vinaweza kuwapotosha kwa zaidi ya hapo, na El Niño moja inatosha kuyumbisha kila kitu. Kipindi cha kawaida cha WMO ni miaka 30, sasa ni 1991 hadi 2020. Kwa mwelekeo wa hapa ombeni takwimu za kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) cha uwanja wa ndege, Tabora. La shule lina kazi nyingine: kuwafundisha vijana jinsi namba inavyozaliwa.

---

Mbishi_wa_Kitete

Mnaeleza vizuri lakini mnaruka mambo. Moja: 2009 barua pepe za wanasayansi wa Uingereza zilivuja, mmoja kaandika habari ya "kuficha kushuka". Mbili: vituo vingi viko viwanja vya ndege, lami na injini za ndege, halafu mnasema dunia inapata joto. Tatu: setilaiti haina ukuta wala mchwa, na yenyewe inaonyesha ongezeko dogo. Nne: Afrika vituo vyenyewe vichache, mnajaza mapengo kwa kubuni. Namba_Tupu, jibu bila kuzunguka.

---

Namba_Tupu

Mkuu, maswali halali. Nitayachukua kwa uzito wake, siyo kwa mpangilio wako.

Setilaiti ndiyo hoja nzito kuliko zote nne, ila haisemi unachofikiri. Setilaiti haina kipimajoto. Inapima mawimbi ya maikrowevu yanayotolewa na oksijeni ya angani, halafu hesabu zinageuza kuwa joto la tabaka nene la kilomita kadhaa, siyo hewa ya mita 1.5 tunayopumua. Na nayo inasahihishwa, tena kuliko sanduku. Inashuka kwenye njia yake kwa msuguano wa hewa, na saa ya kupita juu ya mahali inasogea mwaka hadi mwaka, yaani ni tatizo la saa ya kusoma lilelile, huko juu. Timu ya Roy Spencer na John Christy, wanaotunza rekodi moja ya setilaiti, ilikuwa na kosa la alama ya kujumlisha na kutoa kwenye hesabu hiyo. Watafiti wengine, Mears na Wentz, wakaligundua mwaka 2005, likasahihishwa na ongezeko likakua. Leo rekodi ya hao hao wawili, ambao ndio wanaopendwa na wabishi, inaonyesha kama nyuzi 0.15 kwa muongo tangu 1979. Ndogo kuliko 0.2, kweli. Lakini inapanda.

Lami: hoja hiyo ilipimwa. Anthony Watts, mbishi mwenzako wa Marekani, alikusanya watu wakapiga picha vituo na kuvipanga kwa ubaya. NOAA mwaka 2010 wakalinganisha vizuri na vibaya. Mwaka 2011 ikatoka makala ambayo Watts mwenyewe ni mmoja wa waandishi: vituo vibaya vinapotosha joto la juu upande mmoja na la chini upande wa pili, na wastani wa mwelekeo ukabaki karibu uleule. Kumbuka pia kwamba kinachohesabiwa ni mabadiliko. Lami iliyokuwepo tangu mwanzo inaongeza kiasi kilekile kila mwaka. Lami mpya ndiyo inayotoa ngazi, na ngazi tumeona inavyokamatwa. Isitoshe bahari haina lami.

Richard Muller wa Berkeley naye hakuwaamini NASA. Akaanzisha Berkeley Earth, sehemu ya fedha ikitoka kwa mfuko wa Charles Koch, tajiri wa mafuta. Wakatumia vituo zaidi ya 39,000 na hesabu zao wenyewe. Mwaka 2011 wakatangaza: nchi kavu imepanda karibu nyuzi 0.9 tangu miaka ya 1950. Ni ileile waliyokuwa wakiishuku.

Barua pepe: "kushuka" kule ni kwa pete za miti ya kaskazini ambazo baada ya kama 1960 ziliacha kufuata joto lililopimwa kwa vipimajoto. Siyo joto lililoshuka. Chunguzi za Uingereza za 2010 hazikukuta udanganyifu, ila ziliwalaumu kwa ubahili wa kutoa data, na lawama hiyo ilikuwa ya haki.

La Afrika nakupa. Vituo ni vichache na vina mapengo. Lakini kujaza siyo kubuni: NASA wanaruhusu kituo kusaidia eneo la hadi kilomita 1,200 kwa sababu tofauti dhidi ya wastani husafiri pamoja mbali hivyo, na uzito unapungua kadiri umbali unavyoongezeka. Kigoma na Tabora ni kama kilomita 350 tu. Uhaba unaongeza ukubwa wa shaka, na shaka inaandikwa: WMO kwa mwaka 2024 wametoa nyuzi 1.55, kuongeza au kupunguza 0.13, juu ya wastani wa 1850–1900. Kwa mkoa mmoja wa kwetu shaka ni kubwa kuliko hiyo, na mtu akikupa namba ya kata bila shaka yake, mshuku yeye.

---

Mwambao_Kibirizi

Salaam kutoka Kigoma. Huyo mzazi wa dagaa aambiwe taratibu: dagaa peke yao hawatoshi.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi. Maji ya juu yana nyuzi 25 hadi 27, ya chini kabisa 23 na kitu. Tofauti ni ya nyuzi chache tu, lakini inatosha kulifanya la juu lielee na la chini likae, na chini ya mita 100 hadi 200 hakuna oksijeni. Mbolea yote ya ziwa iko huko chini. Inapandishwa hasa na upepo wa kusini wa Mei hadi Septemba, unaoyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Juu kukipata joto, tabaka linakuwa gumu kuvunja, mbolea inabaki chini, mwani unapungua, na dagaa wanakula kinachotegemea mwani.

Mwaka 2003 watafiti O'Reilly na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature: uzalishaji wa mwani umeshuka kama asilimia 20, na walikadiria samaki kama asilimia 30. Mwaka huohuo Verburg na wenzake wakalinganisha joto la maji kwa vipimo vya tangu 1913. Halafu 2006 Sarvala na wenzake wakapinga sehemu ya samaki: wakasema mavuno yanaeleweka zaidi kwa uvuvi wenyewe, siyo kwa hali ya hewa. Huo ndio ubishi wa watu wanaojua, na angalia ulipo. Hakuna aliyebisha kwamba ziwa limepata joto. Wanabishania nani kala samaki.

Mavuno ni namba chafu. Mitumbwi ikiongezeka, taa zikawa za sola badala ya karabai, nyavu za matundu madogo zikazidi, kilo zinapanda kwanza ndipo ziporomoke, na hakuna nyuzi joto iliyohusika. Ndiyo maana serikali ikafunga uvuvi ziwani Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024: unafunga kinachofungika. Ukitaka kutumia samaki, uliza kilo kwa mtumbwi kwa usiku mmoja wa giza, aina moja moja, dagaa mbali na migebuka mbali.

Kuna ushahidi usiotegemea kipimajoto wala nyavu. Tierney na wenzake, 2010, walichukua tope la chini ya ziwa na kupima mafuta yanayoachwa na vijidudu fulani; muundo wa mafuta hayo hubadilika kulingana na joto la maji walimoishi. Wakapata historia ya miaka 1,500, na joto la karne ya 20 halina la kufanana nalo humo. Hapo hakuna mtu wa NASA aliyeshika kalamu.

Na kina cha ziwa kupanda mpaka maji yakaingia majumbani kisichanganywe humu. Kina ni hesabu ya mvua, uvukizi na mto Lukuga upande wa Kongo. Karne ya 19 nacho kilipanda mpaka Lukuga ikazibuka miaka ya 1870. Mtu akikuonyesha nyumba iliyozama kama ushahidi wa nyuzi joto, mwambie alete kipimo kingine.

---

Mbishi_wa_Kitete

La bahari na ndoo sikuwahi kulisikia, nitalifuatilia mwenyewe. La Afrika nabaki palepale mpaka vituo viongezeke. Swali la mwisho: kipimajoto kinasomeka kwa nusu nyuzi, mnapata wapi 0.13?

---

Namba_Tupu

Makosa ya kubahatisha yanafutana. Msomaji leo kazidisha, kesho kapunguza: kosa la 0.5 kwa siku, gawanya kwa kipeuo cha pili cha siku 30, wastani wa mwezi unabaki na 0.09. Ukuta, rangi na kosa la kipimajoto linaloonekana kwenye barafu havifutani kwa njia hiyo hata ukisoma miaka mia, kwa sababu vinavuta upande mmoja. Sehemu kubwa ya ile 0.13 inatoka huko na kwenye mapengo, hasa ya karne ya 19.

---

Mdau_Isevya

Nimewaelewa, asanteni sana. Tumepata nafasi uwanja wa nyuma, mita 35 kutoka majengo, na tutahamia kusoma saa tatu. Je, miaka minne ya zamani tuitupe? Na tumeahidiwa kipimajoto cha kidijitali.

---

Fundi_Luva

Msitupe, na msihamishe. Jengeni sanduku la pili kule nyuma, la zamani libaki palepale ukutani, na someni yote mawili kwa miezi 12 kamili. Miezi mitatu haitoshi: ukuta unachoma Septemba na Oktoba, mwezi wa Februari kwenye mawingu na mvua tofauti inaweza kuwa karibu sifuri. Kokotoa tofauti ya kila mwezi peke yake, ya joto la juu mbali na ya joto la chini mbali.

Saa nayo ibadilishwe kwa utaratibu. Kwenye sanduku la zamani endeleeni na saa tisa mwaka huo. La jipya lisomwe saa tatu asubuhi. Joto la juu linalosomwa saa tatu ni la jana, liandikwe kwenye mstari wa jana. La chini ni la leo. Hapa ndipo madaftari mengi yanapoharibika, kwa hiyo bandikeni karatasi ndani ya mlango. Kwa wiki mbili hivi mtu asome la zamani saa tatu na saa tisa bila kukung'uta asubuhi, mtaona ni siku gani saa tisa inawadanganya.

Namba za zamani msizifute wala kuandika juu yake. Chora safu mpya pembeni, "iliyosahihishwa", na juu yake andikeni imesahihishwa kwa kiasi gani, kwa kipimo kipi, na nani.

Cha kidijitali kikija, kiwekwe ndani ya sanduku jipya na kuendeshwa pamoja na cha zebaki mwaka mzima. Kinaitika haraka, kinakamata vilele vya sekunde chache ambavyo zebaki inavikosa, kwa hiyo kiwekeni kitoe wastani wa dakika moja. Betri ikikaribia kuisha baadhi yake huanza kusoma vibaya kabla ya kuzima, andikeni tarehe ya betri. Zebaki ikivunjika msifagie wala msiguse kwa mkono: watoeni watoto, fungueni madirisha, kusanyeni matone kwa karatasi ngumu, yatieni kwenye chupa yenye maji kidogo na kifuniko. Kipya cha zebaki ni shida kupata siku hizi, mkataba wa Minamata umezuia kutengenezwa kwake tangu 2020, kwa hiyo mlicho nacho kitunzeni mpaka mwaka wa kulinganisha uishe.

Na kabla ya yote hayo, huo mguu uliotafunwa. Sanduku likianguka leo usiku hakuna cha kulinganisha.